Jarida Lililopigwa Pini Kulia

Vijana huniuliza wajitayarishe vipi kwa kazi yangu hii ya kusanifu majarida. Wanataka niwatajie programu ya kompyuta. Huwaambia waanze na mkasi, na nikiona macho yao yanarudi kwenye simu, hurudi kwenye kazi yangu. Subira sina, na sijidai kuwa nayo.

Mimi nilianza nikiwa bado skuli. Nikiokota majarida makuukuu kwa kinyozi, nakata picha na vichwa vya habari, kisha navipanga upya sakafuni mpaka nijue kwa nini ukurasa huu wavuta jicho na ule wachosha. Nyumba yetu ya Mji wa Kale haikosi upepo, na ukiingia kazi yote yapaa. Mama akinicheka, lakini hakosi kunikanyagia karatasi zangu zisipeperuke, kwa miguu ile iliyovimba kwa ugonjwa wa figo.

Mama hakusoma skuli. Alisoma chuo cha Kurani, msahafu usomwao kutoka kulia, na herufi za kizungu alijifunza mwenyewe kwenye leso na mikebe ya maziwa. Kwa hivyo kila chenye kurasa alikifungua kwa kulia. Nikimpa jarida, huanza na tangazo la sabuni la mwisho na kurudi nyuma. Nilimrekebisha weee, nikachoka.

Jioni nikifanya kazi kwenye duka la chapa la mtaani. Kazi kubwa pale ilikuwa Yasini, vile vijitabu vya Kiarabu vinavyogawiwa kwenye hitima ya kumwombea maiti, jina la marehemu juu ya jalada. Huko ndiko nilikojifunza yote: kuacha nafasi pembeni, kupanga maneno yasibanane, kukunja, kupiga pini mgongoni, upande wa kulia. Jirani akifa leo, kesho namtafutia herufi za jina lake. Mtu huzoea, na kuzoea kule kunaniudhi mpaka sasa.

Siku moja mhariri wa jarida la mambo ya nyumbani, mwenye ofisi upande wa Kilindini, alileta kazi yake dukani, akaniona ninavyopanga. Akaniambia nimtengenezee jarida dogo la mfano. Akilipenda, atanichukua nijifunze kwake. Mama aliposikia alisema anataka kulishika kwa mikono yake kabla hajaondoka. Hakusema anaondoka kwenda wapi. Mashine ya hospitali ya kusafisha damu ilikuwa haimsaidii tena, na daktari alishatwambia tujitayarishe.

Basi nikalikimbilia. Nikaandika habari za mshona kofia wa mtaani kwetu, nikapiga picha kaimati za mama zikimiminiwa shira ya sukari, nikachagua herufi, nikafuta, nikachagua tena. Nililikunja na kulipiga pini mwenyewe. Wallahi nililiona zuri.

Mhariri alilifungua ofisini kwake, akakutana na mwisho wa habari. Akageuza ukurasa, akakutana na katikati. Kisha akaligeuza lote, akaliona jalada langu liko nyuma. Nilikuwa nimelipiga pini kulia. Kurasa zote nimezipanga kama za Yasini, na jicho langu halikuona kasoro hata kidogo.

"Hili ni jarida au kitabu cha maiti?" akaniuliza.

Hakucheka. Aliniambia nirudi siku nitakayojua kitu cha Kiswahili hufunguliwa wapi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia kwa hasira, tuktuk zinanipigia honi nami nazitukana. Nilikuwa nimeazimia kulificha. Lakini mama alikuwa macho, amelala chali, akanyoosha mkono tu, na mkono ule sikuweza kuunyima. Akalifungua kwa kulia kama desturi yake. Akapata jalada, akapata ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Alisoma polepole, kwa kidole, na penye picha ya kaimati akasema shira ilikuwa nyepesi siku ile. Alipofika mwisho alilifunga, akaliweka kifuani.

"Mwanangu, hili laanza nianzapo mimi," akasema. "Mengine yote hunionyesha mwisho kwanza."

Akaniuliza mhariri amesemaje. Sikuwa na nguvu za kutunga uongo. Nikamwambia: amesema ni kitabu cha maiti.

Mama alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Basi ndilo langu hilo."

Nilichukia kucheka kwake. Nilimwambia asinifanyie mzaha wa namna hiyo, nikatoka nikaketi ngazini.

Sikuwahi kumtengenezea la pili. Alipofariki, mwenye duka alitaka kumpa mtu mwengine kazi ya Yasini ya mama, akiniona siwezi. Nikakataa. Nilimtafutia herufi za jina lake, nikakunja, nikapiga pini kulia. Watu waliipokea kwenye hitima, wakaifungua, na safari hii hakuna aliyeniambia nimekosea.