Mashimo Niliyoyaziba Kongwa

Sijui kama nitathubutu tena kukaa benchi la mbele kanisani, ila acha niseme mwenyewe. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa zahanati ya kanisa letu hapa Kongwa. Ghorofa ya juu itakuwa wodi ya wazazi. Slabu za zege za sakafu yake zilipofika kutoka kiwandani, niliinama nikachungulia. Kila moja ilikuwa na mashimo yaliyopenya toka mwisho huu hadi ule. Nikawawaza kinamama wamelala juu ya uwazi ule, moyo ukaniuma. Tumepunjwa, nikajiambia.

Sikumuuliza mtu. Injinia Rehema, msimamizi wa ujenzi wetu, alipokwenda Dodoma mjini, niliwaita wanakwaya, tukakoroga zege na kuyashindilia mashimo yote. Jumapili nikatangaza kanisani jinsi nilivyookoa maisha ya wake zetu. Walipiga makofi hadi nikatokwa na machozi.

Siku ya kupandisha slabu, waumini walijaa kushuhudia. Kreni iliinua ya kwanza kidogo tu, ikapiga king'ora cha kuzidiwa uzito, ikaishusha. Injinia akaenda kuchungulia.

"Nani ameziba mashimo haya?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mchungaji akajibu kwa fahari, "Ni mwenyekiti wetu huyu!" Watu wakaanza kupiga makofi.

Injinia akanigeukia, sauti yake ya chini. "Mzee wangu, mashimo huachwa makusudi, slabu iwe nyepesi na bado iwe na nguvu. Sasa zote hizi hazifai."

Makofi yakakatika nyuma yangu.