Bi Tikisa na bakteria wasiomwachia mama yake

Ni asubuhi, na Bi Tikisa hataki kusemeshwa. Ameshika kipande cha kioo chenye matone mawili aliyoyachanganya, moja la bakteria, jingine la hamira na maji. Anakitikisa polepole, kama anayembembeleza mtoto. Punde tone linakatika kama maziwa yaliyochacha. Chembe za hamira zimegandana.

"Wameshika," anasema, na uso unamsawijika kidogo.

Wenzake wa maabara ndio waliompa jina hilo, maana kazi yake kutwa ni kutikisa. Anapima jinsi bakteria wa ugonjwa wa njia ya mkojo wanavyong'ang'ania. Wana vinyweleo, na kwenye ncha ya kila kinyweleo kuna kipande cha protini chenye kishimo. Kishimo hicho hunasa aina ya sukari iliyo juu ya chembe za hamira, na pia kwenye ukuta wa kibofu. Wakishanasa, mkojo unapita, wao wanabaki.

Bakteria wa leo wametoka kwa mama yake mzazi, anayeishi naye. Ameugua kibofu kwa miaka, na dawa zinagoma moja baada ya nyingine. Ndiyo maana Bi Tikisa aliomba sampuli yake iingizwe kwenye majaribio. Maabara imetengeneza kitu kinachofanana na ile sukari, kiwazibe bakteria vishimo wakose pa kushikia.

"Kosa langu ni kumsimulia mama," anacheka. "Nilimwambia sukari ndiyo inawaachisha. Kurudi nyumbani, nakuta bi mkubwa kajaza sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama. Ananiambia, 'Si ulisema sukari, mwanangu? Nimewapa.'"

Alipoelezwa kwamba sukari ya chai siyo hiyo, mama alinuna siku nzima.

Sasa Bi Tikisa anaongeza tone la kile kitu kipya na kutikisa tena. Mabonge yanalegea, yanasambaa, tone linarudi kuwa laini. Machozi yanamlenga. Mikono yenye glavu hairuhusiwi kugusa uso, kwa hiyo anayaacha yashuke.

Mkuu wa maabara anatahadharisha kwamba kuachia kwenye kioo si kuachia mwilini. Dawa, ikipatikana, itachukua miaka. Bi Tikisa analijua hilo, na ndilo linalomkosesha raha.

Jioni, sebuleni kwake, mwandishi wa makala haya anamuuliza anatamani nini hasa.

"Mama ana dada yake, yuko mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Hawajaonana tangu maradhi haya yaanze. Nataka apande basi, akae dirishani, asiulize choo kiko wapi. Hapo nitasema nimefanya kazi."

Mama, aliyejilaza kwenye kochi, anafumbua macho.

"Mwandishi, andika na hili," anasema taratibu. "Dada yangu ni mkubwa kwangu. Hao wa maabara wakaze mwendo."