Kidonge cha Mama Chuma

Jina la Mama Chuma hakupewa na wazazi wake. Alilipata maabara, kwa ubishi. Wenzake waliunganisha dawa zao kwa msaada wa paladi, madini ya bei isiyoshikika, naye akashikilia kwamba kazi hiyohiyo chuma cha kawaida kinaiweza. "Chuma? Hiki cha misumari?" Wakamcheka mpaka mbavu zikawauma. Akawaonyesha matokeo, kicheko kikakatika.

Kichocheo kama paladi au chuma, aliwaeleza wanafunzi, ni kama mshenga: huwakutanisha wawili, wakishaoana yeye hana haja ya kulala pale, anakwenda zake kuwakutanisha wengine. Kwa mshenga wake wa chuma alijenga jina lake lote. Mumewe, fundi saa mstaafu, alipenda kulalamika kwa wageni: "Mimi na chuma tumeoa mke mmoja, na chuma ndiye anayependwa."

Mama Chuma alikuwa mtu mwema sana, lakini kwa vyombo vyake alikuwa na wivu. Maabarani hawakorogi kwa mwiko. Wana kidonge, yaani kipande cha sumaku kilichovikwa plastiki nyeupe. Ukikitia ndani ya chupa, ukaiweka chupa juu ya mashine yake, kinazunguka chenyewe. Kidonge cha Mama Chuma kilikuwa cha tangu ujana wake, kimekwaruzika na kuwa cha kijivu. Alikiosha mwenyewe, na ole wake atakayekigusa.

Akaja Kimya, mwanafunzi wake wa uzamivu, msichana asiyesema moja mpaka aulizwe matatu. Alipewa aiendeleze kazi ile ya chuma. Ikamshinda. Akarudia na kurudia, chupani hakikubadilika kitu.

"Mwanangu, mkono wako mzito," Mama Chuma akamwambia mbele za watu. "Kemia haitaki papara."

Neno likaota miguu. Wakubwa wa idara wakasikia kwamba Kimya ni mzembe, wakaitisha kikao cha kuamua kama aendelee na masomo au aondoke.

Hapo Mama Chuma akaingiwa na huruma, maana alimpenda binti yule. Asubuhi moja akavaa koti lake jeupe, akaenda kwenye meza ya Kimya. "Njoo nikuonyeshe, usije ukasema nilikuficha." Akapima mwenyewe, akamimina mwenyewe, kwa vyombo vya Kimya. Wakangoja. Wapi!

Akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa barabarani akaona watu wanamtazama. Kisha akaleta kidonge chake, akakitia katika chupa ileile. Kabla ya chakula cha mchana mchanganyiko ulikuwa umegeuka rangi, na dawa imepatikana.

Mama Chuma alikitazama kile kidonge, akakumbuka. Kabla ya ubishi wake wa chuma, yeye naye alikuwa akitumia paladi kama wenzake, na kidonge kilikuwa hikihiki. Akaandaa chupa nyingine, safari hii bila chuma kabisa, kidonge kitupu. Ikafanya kazi vilevile. Paladi ilikuwa imejificha kwenye mikwaruzo, sabuni isikofika, na chembe kidogo tu inatosha. Miaka yote hiyo mshenga alikuwa paladi. Chuma kilisimama tu mlangoni kikipokea sifa.

"Mwalimu, mimi sitamwambia mtu," Kimya akasema.

"Najua. Ndiyo maana naumia."

Nyumbani mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono. "Mke wangu, unakaribia kustaafu. Mtafutie binti kazi nyingine, mambo yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Akishapita, baba, hilo kombe si litabaki mikononi mwa mtoto wa watu?"

Mzee alimpenda mkewe kwa mambo kama hayo, na yalimchosha vilevile.

Siku ya kikao, mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza anakohoa aanze, Mama Chuma akasimama. "Kabla hamjamjadili huyu, nijadilini mimi." Akaeleza yote, hakubakiza. Alipofika kwenye chuma alikwenda polepole, maana alikipenda kweli.

"Kwa hiyo chuma..." akaanza mmoja wa wale waliomcheka zamani.

"Hakikufanya lolote. Cheka, sasa ni haki yako."

Hakucheka. Hakuna aliyecheka.

"Huyu binti alituonyesha haifanyiki, akarudia kutuonyesha. Ndiye aliyekuwa sahihi, nami nikamwita mzito wa mkono." Akamgeukia. "Nisamehe, mwanangu."

Kimya akainama, machozi yakamdondoka mezani.

Mwenyekiti akamwambia Kimya kwa upole kwamba suala la uzembe limekwisha, ila utafiti wa mwalimu wake ndio huo umeanguka. Je, angependa kuhamishiwa kwa mwalimu yupi?

"Kwa huyuhuyu," akasema Kimya. "Yeye nimeshamwona akikosea. Ninyi wengine bado."