Kijiti cha Wanja

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, tena mkali. Mwanafunzi akikohoa bila kuziba mdomo namsimamisha. Lakini wiki ya harusi yangu, hapa Malindi, nilimwona mtu ana jicho bovu nikanyamaza.

Ilikuwa Alhamisi alasiri, nyumba imejaa wanawake, udi na vicheko. Kwetu bi harusi hatiwi wanja mpaka kijiti kile kile cha shaba kipite kwanza machoni mwa wasichana wote wasioolewa, ili bahati iwashike. Mwenye kijiti ni shangazi, na shangazi hana mchezo. Binamu yangu aliyefika kutoka Mtwapa, ambako watu walikuwa wakiugua macho mekundu, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, anajikuna jicho. Nilijua, wallahi nilijua! Ila nilikuwa nimelewa furaha, na nani athubutu kumpa shangazi somo? Nikajiambia: hawa ni vijana, watapona. Bibi hayupo, yuko Tezo mpaka Jumapili.

Bibi ndiye niliyemwogopea. Jicho lake moja lilipotea zamani. La pili alikuwa ametolewa mtoto wa jicho wiki chache tu nyuma, baada ya kuikataa operesheni miaka nenda miaka rudi. Aliikubali nilipochumbiwa. "Nataka nikuone umepambwa," alisema, na tangu operesheni hatukuwa tumeonana.

Jumamosi asubuhi, lo! Wasichana saba wameamka kope zimegandana kwa tongotongo, wanapapasa ukuta wakitafuta choo. Wa nane mimi. Shangazi akaja mbio na kichupa cha matone ya antibiotiki.

"Hiyo inaua bakteria, shangazi. Hivi ni virusi."

"Si wadudu wale wale?"

Basi ualimu ukanipanda. Nikamwambia kirusi si kiumbe kamili, ni maagizo tu yaliyofungwa ndani ya ganda. Peke yake hakili wala hakizai. Kikijipenyeza kwenye seli ya jicho, seli inaacha kazi zake na kuanza kufyatua virusi vipya, mpaka inakufa na kuvimwaga kwa majirani.

"Na huu wekundu?"

"Ni mwili wetu wenyewe, umepeleka damu na askari vitani."

"Basi askari wako wana fujo!"

Tulicheka mpaka macho yakawaka moto. Kisha akauliza vilifikaje kwa wote wanane, nami nikainua uso nikatazama dari. Nilitoa amri tu: kunawa mikono, kila mtu na taulo lake, na wale saba wafungiwe chumba cha nyuma. Shangazi akatangaza kwamba bi harusi haguswi, poda itaharibika.

Jumapili alasiri nikapambwa. Bi harusi wa kwetu hukaa kitini amefumba macho, hatazami mtu, hasemi. Desturi ikanifaa ajabu! Machozi yananitiririka, na wanawake wananisifu, "Mashallah, tazameni haya hizo!" Nilibana kicheko mpaka mbavu zikaniuma, na chumba cha nyuma saba wale wanapiga vigelegele kupitia tundu la kufuli.

Mara nikasikia sauti mlangoni. "Poda gani? Nipisheni nimfikie mjukuu wangu."

Kicheko kikaniishia pale pale. Bibi angenishika mikono aibusu, kisha angejifuta jicho kwa vidole vyake, kama kawaida yake. Hilo ndilo kirusi kinalolitaka, kutoka chozi langu hadi chozi lake. Bi harusi kusema ni aibu, na kumkatalia bibi mkono wake ni aibu kubwa zaidi.

"Bibi, simama hapo hapo! Usinishike!"

Nikaendelea, macho bado nimeyafumba. "Ninaumwa macho mekundu. Nilimwona mgonjwa Alhamisi, nikaacha kijiti kipite. Kosa ni langu."

"Ulijua?" shangazi akapiga ukelele. "Wewe mwalimu mzima!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini sikusikia hatua za bibi zikisogea tena.

"Sikushiki," akasema. "Fumbua macho basi, nikuone."

Nikayafumbua mbele ya wanawake wote wale, mekundu, yamevimba, wanja umetambaa hadi mashavuni. Bibi alikuwa amesimama hatua tatu mbele yangu, mikono ameifungia ndani ya leso aliyojitanda. Alinitazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akarudi usoni.

"Wewe mtoto," akasema, "mara ya mwisho kukuona sawasawa, ulikuwa umevaa sare ya shule."