Mionzi Iliyonikataa

Baba alikuwa mchimbaji mdogo wa almasi pale Maganzo, na mimi ndiye niliyemtafutia mawe. Akimaliza kutikisa chekeche majini, alilipindua chini kwa pigo moja, changarawe ikabaki imekaa kama ugali uliopakuliwa, mawe mazito yakiwa katikati. Nilichuchumaa nikayatafuta. Utotoni hakuna jiwe lililonipita, hata lenye ukubwa wa punje ya uwele.

Nilipomaliza kidato cha nne, katikati ya miaka ya tisini, macho yakaanza kunigeuka. Karabai moja niliiona tatu, na nyuso za watu zilikuwa na ukungu pembeni. Nilibadilishiwa miwani mara tatu ndani ya miaka miwili, wala haikusaidia.

Asubuhi moja baba alipindua chekeche, nikatazama, nikamwambia hamna kitu. Akaisukuma changarawe kando. Mchana jirani aliyekuwa akipekua mabaki yetu aliokota humo almasi, akaiuza, akahama Maganzo wiki ile ile. Baba hakunigombeza. Aliuliza tu, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, "Ng'wanone, hukuliona, au hukutazama?"

"Nilitazama, baba."

Akalichukua chekeche, akarudi majini. Ningeona afadhali anichape.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye sekondari, binti wa Mhindi mwenye duka la vitambaa Shinyanga mjini. Tangu shuleni alivaa miwani minene kama vitako vya chupa. Siku moja nikamkuta dukani hana miwani, anasoma maandishi ya jora lililokuwa rafu ya juu kabisa.

"Nilikwenda Nairobi," akaniambia. "Wanakulaza, wanakutia dawa ya ganzi, unakodolea taa nyekundu. Mashine inapiga mionzi, unasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Kesho yake nimeamka naona."

Nilimwomba anirudie tena yote, tangu mwanzo. Akaenda kumwomba baba yake, na baba yake, aliyekuwa akienda Nairobi kuchukua mzigo, akakubali kutuchukua garini na kunilipia. Mama alinishonea gauni la safari. Baba alinisindikiza hadi barabarani, akasema, "Ukirudi tutaanza shimo jipya."

Njia nzima nilijipangia mambo ambayo ningeyatazama kwanza.

Daktari alinipima kwa mashine iliyochora jicho langu kwa rangi. Katika picha kama hiyo la rafiki yangu, alivyonieleza mwenyewe, lilikuwa kijani karibu lote. Langu lilikuwa na doa jekundu chini ya katikati. Daktari aliligusa kwa kalamu.

"Kioo cha mbele cha jicho lako ni chembamba, na kimechongoka. Mionzi hufanya kazi kwa kupunguza kioo hicho. Nikikipunguza zaidi, nitakuharibia kabisa."

"Na jicho la pili?"

"Hilo pia."

Rafiki yangu alisema, "Daktari, tumetoka Shinyanga." Alisema kama vile umbali ungeweza kuongeza unene wa jicho. Daktari akajibu kwa upole kwamba dawa ya kweli ni kuwekewa kioo cha jicho la mtu aliyefariki, na hapo kwake hakuwa na vioo hivyo. Alinipa lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho.

Nilizivaa Maganzo kwa miezi minne. Vumbi liliingia chini yake, na maji tuliyokuwa nayo yalikuwa yale yale ya kuoshea changarawe. Jicho la kulia likavimba, likaota kovu jeupe. Baba alimchukua binti wa shangazi akamsaidie kwenye chekeche. Mimi nikawa nachemsha chai ya wachimbaji, nikiwatambua kwa sauti.

Rafiki yangu aliolewa ng'ambo. Barua zake nilisomewa na watu. Katika moja aliandika kwamba huko mashine zinazidi kuboreshwa. Sikumjibu.

Mwaka wa mwisho wa miaka hiyo ya tisini mama alinipeleka Mwanza kwa daktari mwingine. Alinimulika muda mrefu, kisha akasema kovu limeliziba jicho la kulia, na la kushoto linafuata njia hiyo hiyo. Mama hakusikia vizuri Kiswahili cha haraka cha yule daktari. Tulipofika nje akanishika mkono, akaniuliza kwa Kisukuma amesemaje.

Nikamwambia tumeambiwa tusubiri.