Kanzu za Marehemu Ustadhi

Nilitoka Voi Jumatano ya Juma Kuu kwenda kuyafuta maandishi yangu mwenyewe. Mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa kuomba radhi ovyo, kwa hiyo nianze na sababu.

Nilipokuwa mwalimu Msambweni niliandikia kanisa letu dogo mchezo wa Ijumaa Kuu, nao huigizwa barabarani kila mwaka hadi leo. Mwezi uliopita, kwenye semina ya parokia, nilisikia mambo ambayo ningepaswa kuyajua zamani. Kwa karne nyingi kule Ulaya, Wakristo walihubiriwa kwamba Wayahudi wote wamemuua Mungu, na mara nyingine walitoka kanisani Ijumaa Kuu wakaenda kuwapiga majirani zao Wayahudi. Waliwalazimisha kuvaa alama nguoni ili wajulikane. Waliwafukuza nchi baada ya nchi. Na walipokuja wale wauaji wa karne iliyopita, walioangamiza mamilioni, walikuta chuki imeshalimwa na kupaliliwa. Nikarudi nyumbani, nikatoa daftari langu la zamani. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Wayahudi wavae tofauti na Yesu, watu wajue wa kumzomea." Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

Saa saba mchana nilivuka Likoni. Ukunda nilishuka kununua mahamri, kijana wa bodaboda akaniita, "Mathe, twende Diani, nikufanyie poa!" Nilimwambia sina hamu ya kuogelea, nina kazi.

Saa kumi alasiri nilifika Msambweni kwa katekista Nzioka, niliyemfundisha darasa la nne na ambaye sasa ana kipara.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nzioka, mchezo nimekuja kuubadilisha."

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kipara. "Imebaki siku moja, Mwalimu. Na watu wanaupenda. Wakikosa wa kumzomea watarudi makwao. Tena kwa vita hivi vya sasa huko Nchi Takatifu, watasema tumeingia siasa."

"Serikali yoyote ilaumiwe kwa inayoyatenda," nikamjibu. "Sisi tunailaumu damu ya mtu. Ni kitu kingine kabisa."

Aliniambia twende kwanza kuazima kanzu.

Alhamisi asubuhi tulibisha hodi kwa Bi Mwanasiti, mjane wa ustadhi wa madrasa. Tangu mwanzo waigizaji wetu wa Wayahudi wamevaa kanzu na kofia za mumewe, ili watofautiane na Yesu, aliyevaa joho la kwaya. Wazo hilo nalo lilikuwa langu. Kanzu nne alikuwa ameshazikunja kitandani.

"Chukueni, sina neno," alisema. "Ila mwenzangu, nikuulize. Kila mwaka nazipokea zina mate na maji ya machungwa. Nazifua mara tatu ndipo zitakate. Kwani wabaya wenu wote huvaa kama marehemu?"

Nzioka akatazama chini. Mimi nilimwambia ukweli: kosa ni langu, na Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi, mwana wa Myahudi, tangu kuzaliwa hadi kufa.

"Kumwigiza nabii kwetu hakuna, hayo nakuachieni wenyewe," alisema Bi Mwanasiti. "Kanzu zichukueni."

Njiani Nzioka alisema neno moja tu: "Tubadilishe."

Ijumaa, kabla ya msafara kuondoka, nilisimama mbele ya watu nikasoma: anayehukumiwa ni Myahudi, mama yake ni Myahudi, rafiki zake ni Wayahudi, na waliompigilia misumari ni askari wa Kirumi. Kelele za "Wayahudi wamemuua Mungu!" nilikuwa nimeshazikata. Kisha wakatoka. Yesu kanzu na kofia, Petro kanzu na kofia, washitaki wawili vivyo hivyo. Wanakwaya walikuwa wameshika maganda yao ya machungwa ya kuwarushia Wayahudi, kama kawaida. Mama mmoja akanivuta mkono.

"Mwalimu, sasa Myahudi ni yupi?"

"Huyo mwenye msalaba."

Aliliangalia ganda lake, akalitia mkobani. Wapo walionuna, na mmoja alisema waziwazi kuwa nimeuharibu mchezo. Sikujali. Tulitembea hadi kituo cha mwisho bila kumtemea mtu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kurudi Voi, nilizipeleka kanzu mwenyewe. Nimejifunza kwamba chuki haihitaji mtu katili. Mwalimu mwenye mwandiko mzuri anatosha. Lakini mwalimu huyo huyo anaweza kufuta.

Bi Mwanasiti alizikunjua moja moja, akazigeuza mbele na nyuma.

"Vumbi na jasho," alisema. "Hizi nitazifua mara moja tu."