Besi ya Seline wa Silanga

Seline Amondi alimpikia mzungu mmoja wa Denmark, huko Lavington, kwa muda mrefu. Mwaka wa tisini na sita mzungu huyo alipohama, aliwaambia wafanyakazi wake kila mtu achague kitu. Mlinzi alichagua friji. Seline alichagua spika mbili nyembamba, ndefu za kumfikia kiunoni, pamoja na mashine yake ya kaseti. Jamaa zake walisema amerogwa. Yeye alijua alichokuwa akisikia katika nyumba ile: mtu akiimba, unamsikia hata akimeza mate.

Alizipeleka chumbani kwake Silanga, mtaa wa Kibera, zikasimama kati ya kitanda na jiko kama wageni walionyimwa viti. Stima ilitoka kwa Murjan, mwenye nyumba, kwa waya uliopita juu ya mabati. Seline akaweka kaseti ya mzee mmoja wa kwao, mpiga nyatiti, lile zeze la nyuzi nane. Vidole vilisikika, kila uzi peke yake. Lakini uzi ule mnene, na mguu wa mzee unavyogonga chini, havikuwepo.

Majirani waliojaa mlangoni walisikiliza kwa heshima. Kisha mmoja akauliza, "Na besi iko wapi?"

Swali hilo lilimuuma Omolo, mumewe, kuliko lilivyomuuma Seline. Jumamosi wakaenda Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, kwa Wakoli, fundi aliyeyatengenezea magari ya matatu masanduku ya besi. Wakoli aliwaonyesha sabufa mbili, spika za kutoa besi tu. Moja ilikuwa kubwa kama banda la kuku, imevikwa zulia jekundu, na koni yake upana wa sufuria ya harusi. Nyingine ilikuwa kijisanduku cheusi kisicho na pambo lolote.

"Mama, hizo spika zako ni za watu wapole," Wakoli alisema. "Chukua hii ndogo. Sabufa poa ni ile huwezi jua iko wapi."

"Eti nini?" Omolo akaruka. "Ninunue kitu halafu nisijue iko wapi?"

Seline alikitazama kile kijisanduku. Kwa mzungu kulikuwa na kitu kama hicho kando ya kabati. Miaka yote alidhani ni stuli, akawa anakiwekea ndoo ya kupigia deki. Alitaka kusema, lakini Omolo alikuwa ameshashika upande mmoja wa ile kubwa, anamwita mtu wa mkokoteni.

Jumapili hiyo Silanga ilifurahi. Omolo alifungulia mpaka mwisho. Vikombe vilitembea rafuni, masizi ya dari yakaangukia mboga, na besi ikipiga, balbu za ploti nzima zinafifia. Vijana walicheza nje kwenye matope. Mzee wa nyatiti hakusikika kabisa. Ungedhani amefungiwa ndani ya pipa na mtu analitwanga pipa lenyewe. Seline, mwenye spika bora kuliko zote Kibera, alikaa kitandani, vidole masikioni.

Aliyekuja kulalamika ni Murjan.

"Omolo, mama yangu anaswali hapo ng'ambo na mkeka unahama naye! Punguza, ama nikate stima."

Kesho yake Seline alirudi kwa Wakoli peke yake. Wakoli hakumcheka, au alicheka kwa ndani. Alikuja naye hadi Silanga na kijisanduku cheusi, akakisukuma nyuma ya kitanda, akaanza kuzungusha kitufe huku Seline amefumba macho.

"Inatoka wapi?"

"Huko nyuma."

Akapunguza. "Na sasa?"

Seline aligeuza kichwa huku na huku. Uzi mnene ulikuwa umerudi, mguu unagonga, na vyote vilitoka pale alipokaa mzee mwenyewe, katikati ya zile spika mbili.

"Sijui," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Basi usiguse hapo tena."

Omolo alirudi kutoka kazini akamkuta Wakoli anafungua skrubu za ile kubwa, achukue koni na mashine ya ndani kuwa malipo ya ile ndogo. Akashika kichwa. "Watu watasema nini?" Wakabishana, mwisho wakaelewana: Wakoli aende na vilivyomo, sanduku libaki, tundu la koni lifunikwe kwa kitambaa.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, wanaume wa Silanga walikuja kusikiliza. Walilizunguka lile sanduku, mmoja wao akaweka kiganja juu ya zulia jekundu.

"Unaskia vile inatetemeka? Siku ile ilikuwa bado mpya. Sasa imezoea."

Omolo akaitikia kwa kichwa, kama mtu wa fani. Hata Murjan alikuja kuiazima kwa harusi ya dadake, Afrah, lakini Omolo akamweleza kwamba mitambo kama hiyo haitembezwi ovyo.

Ndani ya sanduku Seline alihifadhi debe la unga. Kwa hivyo hakuweza kusonga ugali mpaka wageni waondoke, na wageni, wakiona jiko halina dalili ya moto, hawakukawia sana. Walipotoka, alifunga mlango akarudisha kaseti mwanzo.